Nilisomea utamaduni, shangazi akauliza: wa nani?

Msomaji wangu, kama unataka kuona watu wazima wakikuonea huruma mchana kweupe, waambie kwamba umesomea utamaduni. Nimeshajaribu mara nyingi. Daktari akijitaja, watu humwonyesha goti lililovimba. Mwanasheria akijitaja, hutolewa karatasi za kiwanja chenye mgogoro. Mimi nikijitaja naulizwa swali moja tu: "Kwa hiyo wewe unacheza ngoma gani?"

Sichezi ngoma yoyote. Hata kwenye harusi za ukoo wetu mimi ni yule anayeachiwa mikoba wakati wenzake wanakwenda kutunza.

Digrii yangu ya pili niliichukulia majuu, Uingereza, katika fani ambayo kwa Kiswahili tuiite masomo ya utamaduni. Habari zilipofika nyumbani Magomeni, kiliitishwa kikao. Mjomba wangu, ambaye kwenye vikao huwa hapindishi maneno, akasema lililokuwa moyoni mwa wengi: "Mtoto kapata nafasi ya Ulaya, badala ya kusomea uhasibu anakwenda kusomea mambo ambayo bibi yake anayajua bure!" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nauli ilikuwa bado haijatimia na mjomba alikuwa kwenye orodha ya wachangiaji.

Ada ililipwa na wafadhili, lakini tiketi, viza na koti la baridi vilikuwa juu yetu. Aliyetoa fungu kubwa kuliko wote ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, muuza kanga Kariakoo tangu mimi sijazaliwa. Hakuhutubia. Alinipa bahasha, akaniambia: "Nenda mwanangu. Ukirudi utanieleza huo utamaduni ni kitu gani, na ni wa nani."

Nilikwenda na lile swali. Leo nataka nikueleze lilivyonifanya, maana wapo vijana wengi mjini wanaofikiria kusoma fani kama hizi na wanakatishwa tamaa kabla hata hawajajaza fomu.

Kwanza fani yenyewe. Ilitokana na ubishi wa Waingereza wenyewe kwa wenyewe. Kwa miaka mingi kule kwao neno utamaduni lilihusu mambo ya wakubwa: Shakespeare, piano, michoro ya kutundikwa makumbusho. Mtu aliyetoka zamu kiwandani akapitia bia yake na gazeti la udaku alihesabiwa kuwa hana utamaduni, anangoja kugawiwa. Kisha wakatokea wasomi waliozaliwa kwenye nyumba hizohizo za makabwela. Richard Hoggart, yatima aliyelelewa na bibi yake katika mtaa wa wafanyakazi mjini Leeds, mwaka 1957 alitoa kitabu kuhusu watu wa mitaa kama ule wake: magazeti wanayosoma, nyimbo wanazoimba, jinsi wanavyozungumza mezani. Mwaka uliofuata Raymond Williams, mtoto wa mfanyakazi wa reli kutoka mpakani mwa Wales, akatoa hoja kwamba utamaduni ni jambo la kila siku, la kila mtu. Mwaka 1964 Hoggart akaanzisha kituo cha kuchunguza utamaduni wa kisasa katika Chuo Kikuu cha Birmingham.

Lakini jina la kituo kile lilivuma zaidi chini ya Stuart Hall. Huyu alikuwa mtu mweusi, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, mwaka 1932, aliyefika Uingereza mwaka 1951 kusoma Oxford. Alikiongoza kituo mpaka mwaka 1979, akafariki mwaka 2014. Kituo chenyewe kilifungwa na chuo mwaka 2002, lakini wakati huo wanafunzi wake walikuwa wameshaenea na fani imeota mizizi kwingine kwingi, pamoja na chuo nilichosoma mimi.

Somo la Hall nililolielewa haraka kuliko yote ni la mwaka 1973, kuhusu televisheni. Alisema mtengenezaji wa kipindi anafunga maana ndani yake kama mtu anayefunga furushi, lakini mtazamaji ndiye anayelifungua, na analifungua kwa namna yake. Zipo namna tatu. Ngoja nikutolee mfano wa kwetu, siyo wa profesa.

Redio inatangaza: wamachinga wameondolewa barabarani ili jiji liwe safi. Msikilizaji wa kwanza anasema, "Safi sana, walikuwa wanaziba njia." Kalipokea furushi kama lilivyofungwa. Wa pili anasema, "Jiji liwe safi kweli, lakini mdogo wangu anauza soksi pale, atakwenda wapi?" Huyo kapokea nusu, nusu anabishana nayo. Wa tatu anauliza, "Safi kwa nani?" Huyo kalikataa furushi zima.

Nilipolisikia swali la huyo wa tatu nikamkumbuka shangazi. Wa nani? Kwa nani? Nikajiambia, kumbe bibie alishanifundisha somo kabla sijapanda ndege.

Basi darasani tukawa tunafungua mafurushi. Mwalimu mmoja alituletea mambo ya Angela McRobbie, aliyesoma palepale Birmingham, ambaye katika miaka ya 1970 alilichunguza gazeti la wasichana liitwalo Jackie. Hadithi za mapenzi, barua za ushauri, urembo, picha za wanamuziki. Alionyesha jinsi kurasa hizo, taratibu bila kugombana na mtu, zilivyomfundisha msichana kwamba shughuli kubwa ya maisha yake ni kumpata mvulana na kumshikilia. Nikafikiria magazeti tuliyokuwa tukigombania bwenini, nikatabasamu peke yangu.

Halafu wiki iliyofuata tukasoma utafiti wa Janice Radway, Mmarekani, uliotoka mwaka 1984. Yeye hakuishia kwenye kurasa. Aliwafuata wanawake wanaosoma riwaya za mapenzi, akawauliza wanazisoma kwa nini. Wakamwambia kwamba saa ya kusoma ndiyo saa yao. Mume na watoto wanajua kwamba mama akishika kitabu asisumbuliwe. Hadithi inaweza kuwa ileile ya binti na tajiri, lakini kile kitendo cha kukaa na kitabu kilikuwa njia ya kusema, "Niacheni kidogo na mimi nipumue."

Kwangu mimi tofauti ya tafiti hizi mbili ndiyo moyo wa fani nzima. Moja inauliza kitu kinamfanya nini mtu. Nyingine inauliza mtu anakifanya nini kitu hicho. Ukishayajua maswali yote mawili, huwezi tena kumdharau msomaji wa udaku, na huwezi pia kuusifia udaku kijingajinga.

Nikirudi kwenye maisha ya kawaida, usomi huu una karaha zake. Jicho halizimiki. Unakaa na wenzio kuangalia filamu ya Kibongo, mama mkwe anatokea na tunguri, wewe unauliza kwa nini mchawi siku zote ni mwanamke mzee asiye na mali. Wanaangalia mashindano ya urembo, wewe unawaeleza kwamba Miss Tanzania ilirudi mwaka 1994 wakati biashara huria imeshika kasi, na kwamba taji na wadhamini viliingia mlango mmoja. Mdogo wangu wa kike siku moja alinipokonya rimoti. "Dada," aliniambia, "sisi tulikuwa tunaangalia. Wewe unafanya upasuaji."

Hilo neno lake nimelihifadhi. Kuna vijana wanarudi kutoka vyuoni wakiwa wameshindwa kabisa kucheka na watu wao. Kila utani ni mada, kila wimbo ni tatizo. Mimi nilijiwekea sheria: sinema kwanza iishe, watu wacheke walie, halafu kama kuna mtu anauliza ndipo nifungue mdomo. Mara nyingi hakuna anayeuliza, na dunia inaendelea kuzunguka.

Lakini yapo mambo ambayo jicho hilo likishayaona, huwezi kunyamaza. La kwangu nilikutana nalo maktaba, kule kule ugenini, nikisoma historia ya mji wangu mwenyewe.

Desemba 10, 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Maana yake ilieleweka: mkoloni alitufundisha kujidharau, sasa tujithamini. Nani atapinga? Lakini ikifika Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza operesheni yake, Operesheni Vijana. Kuanzia Januari 1, 1969, sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana vilitakiwa viondoke kwa jina la utamaduni wa Mwafrika. Hata kabla ya tarehe hiyo, Kariakoo kulikuwa na makundi ya vijana wa kiume waliokuwa wakiwazonga wasichana na kuwachania nguo. Mwanahistoria Andrew Ivaska ameyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 2011.

Sasa sikia upande wa pili. Miaka hiyohiyo, 1967 na 1968, huko kaskazini kulikuwa na kampeni ya serikali ya kuwataka Wamaasai waache lubega na wavae suruali na mashati, kwa sababu taifa linakwenda mbele.

Niliviweka vitabu viwili mezani, kimoja kulia, kimoja kushoto. Binti wa Kariakoo anaambiwa amezidi Uzungu. Mmaasai anaambiwa amezidi Uafrika. Nchi moja, miaka ileile, neno lilelile utamaduni. Aliyekuwa anapima kiasi kinachotosha ni nani? Siyo binti, siyo Mmaasai. Wote wawili waliona tu rula ikiletwa.

Sisemi kwamba wazee wetu hawakuwa na nia njema. Waliirithi nchi iliyotukanwa, na walitaka kuisimamisha. Ninachosema ni kwamba tangu siku ile, kila nikisikia mtu anasema "huo siyo utamaduni wetu", kuhusu nguo, kuhusu wimbo wa bongo fleva uliofungiwa, kuhusu mke kuomba talaka, nauliza kwanza: hilo "wetu" wamo akina nani, na nani hakualikwa kwenye kikao? Swali hilo halina digrii ndani yake. Ila digrii ndiyo iliyonipa ujasiri wa kuliuliza mbele ya watu wazima.

Ukafika wakati wa tasnifu, ule mswada mrefu unaoandikwa mwishoni mwa masomo. Mwalimu wangu alitegemea niandike juu ya kitu cha Uingereza. Nikamwambia nitaandika juu ya kanga. Nikarudi Dar es Salaam kwa miezi mitatu, nikavuta kiti dukani kwa shangazi.

Wewe kijana wa mjini labda kanga unaiona taulo la mama. Hebu tulia. Kanga ilishika pwani yetu miaka ya mwisho ya karne ya 19. Utumwa ulipigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, na kabla ya hapo mavazi ya watumwa wanawake yalikuwa merikani, ile nguo nyeupe isiyo na urembo, au kaniki nyeusi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake cha mwaka 2001, anaonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyoikimbilia kanga ya rangi na maua ili dunia ione kwamba mambo yamebadilika. Hawakuandika tangazo gazetini. Walivaa.

Halafu kanga ikapata jina, yaani yale maneno ya chini. Mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye kanga zake hadi leo zinajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", ni mmoja wa waliozifanya kanga za maneno zipendwe pwani nzima. Mwanzoni yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia. Kanga zetu zilichapwa Ulaya, India na Japani, mpaka ilipofika mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam kwa msaada wa China. Umeuona mwaka huo? Wakati vijana wa chama wanaandaa vita na sketi fupi, kiwanda cha taifa kinafunguliwa kuchapa nguo za kumstiri mwanamke, na chini yake maneno ya kumchambia jirani.

Dukani nilijifunza zaidi ya maktaba. Siku moja aliingia mama mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Nataka yenye maneno, lakini yasiwe makali sana." Shangazi hakuuliza ya nani. Alitoa doti tatu, akaziweka mezani maneno yakiwa juu. Yule mama akachukua iliyoandikwa Hasidi hana sababu, akalipa, akaondoka ametulia kama aliyetoka kwa daktari.

"Akiulizwa?" nikamwuliza shangazi.

"Atasema kapenda rangi."

Nusu saa baadaye akaingia mama mwingine, akanunua doti ileile ya kumpelekea wifi yake aliyejifungua. Huyu kweli alipenda rangi. Maneno hakuyasoma hata kidogo. Nikafungua daftari na kuandika jina la Stuart Hall, nikalipigia mstari mara mbili. Furushi moja, wafunguaji wawili, mtaa mmoja.

Na shangazi mwenyewe si muuzaji wa kukaa tu. Wafanyabiashara wa jumla huja kumwuliza maneno gani yanatoka. Anajua mwezi wa harusi watu wanataka ya heri na kisutu, anajua mfungo ukikaribia lugha inapoa, anajua msemo ukishaimbwa sana kwenye taarabu kanga yake inanunuliwa kwa fujo wiki mbili kisha inalala. Profesa wa soko ana maarifa hayo na analipwa mshahara. Shangazi anayatoa bure na chai juu.

Ndipo ikaja karatasi. Chuo kilitaka kila nitakayemhoji asaini fomu ya ridhaa. Nikampa. Akaivaa miwani, akaigeuza huku na huku.

"Imeandikwaje hii?"

"Kiingereza, shangazi. Nitakusomea." Nikamtafsiria: anakubali kwa hiari yake, jina lake halitatajwa, anaweza kujitoa wakati wowote.

Akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kitabu chenyewe nacho kitakuwa cha Kiingereza?"

"Ndiyo shangazi. Ndiyo lugha ya chuo."

"Kwa hiyo mimi nitasema, wewe utaandika, halafu atakayesoma ni Mzungu. Mimi nikitaka kujua nilichosema nitakwenda kumwuliza Mzungu?"

Alisaini. Alisaini kwa sababu mimi ni mtoto wa kaka yake, siyo kwa sababu nilimjibu. Na jibu sikuwa nalo. Mwandishi wa Kenya Ngũgĩ wa Thiong'o aliwashughulikia wasomi wa Kiafrika na swali hilohilo katika kitabu chake cha mwaka 1986, na mimi nilikuwa nimekisoma, nimekipigia mistari, nimekitaja kwenye insha, nimepewa alama nzuri. Kukisoma ni jambo moja. Kulisikia swali lake likitoka kinywani mwa mtu aliyekulipia tiketi ni jambo lingine.

Tasnifu ikaandikwa, ikapita. Kurasa mia na kitu, jalada gumu la bluu, herufi za dhahabu. Nakala moja nilimletea shangazi. Aliipangusa vumbi ambalo halikuwapo, akaiweka kwenye kabati la vyombo, katikati ya birika la kioo na sahani za wageni. Kila mgeni akija anaonyeshwa. Hakuna aliyewahi kuifungua.

Ikanikereketa. Nikawaza, kama fani nzima ilizaliwa kwa kubishana na wale waliodhani utamaduni ni wa kutunzwa kabatini, mimi nimeupeleka wapi wa shangazi? Kabatini.

Basi Jumapili moja nikaomba waitwe wenzake wa soko. Walikuja watatu, na shangazi wa nne. Tukakaa mkekani, nikaifungua tasnifu na kuwasomea sura ya tatu, natafsiri papo kwa papo. Ilichukua saa mbili na vitumbua vyote.

Nilipofika mahali panaposema kwamba kanga humpa sauti mwanamke ambaye jamii imemnyima nafasi ya kusema, mama mmoja akainua mkono kama yuko darasani.

"Hapo simama. Nani kakwambia sisi tumenyimwa sauti?"

Wakaangua kicheko, maana mama huyo akigombana Kariakoo anasikika Ilala. Lakini yeye hakucheka.

"Mimi kusema naweza," akaendelea. "Nikimsema jirani kwa mdomo, kesho siwezi kwenda kumwomba chumvi. Nikimsema kwa kanga, ujumbe kaupata, na kesho anaweza kujifanya hakuupata, na mimi najifanya sikuutuma. Tunaombana chumvi. Kanga ni kwa ajili ya kugombana na mtu ambaye bado unataka kuishi naye."

Nikaweka kitabu chini. Saida Yahya-Othman, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1997 juu ya majina ya kanga na sauti ya mwanamke wa Kiswahili, na wengine wameandika juu ya ule ujanja wa kusema bila kusema. Lakini sijasoma mahali palipoyafunga mambo hayo yote kwenye chumvi ya jirani.

Tulibishana mpaka magharibi. Mimi nilishikilia kwamba historia ya mwaka 1897 haiwezi kufutwa, kwamba wapo wanawake ambao kanga ilikuwa ndiyo njia pekee waliyoachiwa. Wao wakashikilia kwamba ukimwita mtu mnyonge kila siku, hata kwa wema, unamzoesha unyonge. Hatukukubaliana. Ila wakati wanaondoka, yule mama akaniambia, "Ukiandika kingine, andika kwa Kiswahili. Tutakukosoa vizuri zaidi."

Hapo ndipo lilipobadilika lililobaki kichwani mwangu. Nilikuwa nimejifunza kuwaangalia watu. Siku ile wakaniangalia wao.

Utaniuliza kazi. Mjomba naye anauliza kila sikukuu. Niko kwenye kampuni ya matangazo, na wenzangu wengi niliosoma nao wako huko au kwenye redio, makumbusho na mashirika. Ukweli mchungu ni kwamba ujuzi wa kufungua mafurushi unalipwa zaidi ukitumika kuyafunga. Anayejua kwa nini tangazo linamnasa binti wa miaka 18 ndiye anayetafutwa kulitengeneza.

Mwaka jana bosi aliniita. Tunataka misemo ya kanga kwa ajili ya tangazo la simu, akasema, kitu cha kina mama, wewe si ndiyo mambo yako? Nikamwuliza, wale kina mama watalipwa kiasi gani? Akaniangalia kama nimeuliza bei ya hewa. Misemo si ya mtu, akasema. Ni utamaduni.

Jioni nikampelekea shangazi habari. Hakukasirika. "Mwambie aje dukani," alisema. "Misemo si ya mtu, kweli. Lakini kujua upi unauma na upi unapoza, hiyo ni kazi yangu ya miaka yote, na kazi ina bei. Tutaelewana."

Bosi hakuja. Tangazo lilitoka na msemo waliouokota kwenye intaneti, msemo wa mke mwenza kumtukana mwenziwe, uliopambwa na picha ya familia inayotabasamu kwenye simu. Soko zima lilicheka wiki nzima. Mimi sikucheka sana, nilijiondoa kwenye kazi ile mapema na jina langu halimo. Bonasi ya mwisho wa mwaka nayo haikunifikia.

Basi kijana mwenzangu, kama una fomu ya fani hii mezani na ukoo unakusukuma kwenye uhasibu, mimi sitakudanganya. Mshiko wake hauji haraka. Marafiki watakunyang'anya rimoti. Utarudi nyumbani ukiwa na maneno makubwa ambayo hayaingii kwenye daladala. Lakini hutamdharau tena mtu kwa anachosoma, anachovaa wala anachoimba, na hutamwachia mtu yeyote neno "utamaduni" alitumie kukufunga mdomo bila kumwuliza maswali mawili matatu.

Sharti langu ni moja. Ukiandika juu ya watu wako, wasomee. Kwa lugha yao, wakiwa hai, na vitumbua viwepo. Mimi sura ya tatu naiandika upya kwa Kiswahili kila Jumamosi jioni. Nimefika kwenye chumvi.